FEDHA YA WANACHAMA HAICHEZEWI
(Maneno ya mjumbe wetu aliporudi safari)

Ndugu wanachama, mlinichangia safari ya Ulaya, leo natoa hesabu. Nilijipangia Euro 30 kwa siku, kula na kulala humo humo.

Sofia, Bulgaria, nililala chumba cha vitanda vingi. Maji sikununua: karibu na bafu kuu la zamani kuna mabomba ya chemchemi ya maji moto, watu wanakinga bure, nami nikakinga.

Belgrade, Serbia, basi na tramu za mjini ni bure tangu Januari 2025.

Ila jamani, angalieni viza! Serbia haimo Schengen. Ukitoka Bulgaria na viza ya kuingia mara moja, hurudi tena.

Chenji hii hapa. Mhazini aihesabu mbele yenu.