Mzamiaji na Hesabu ya Matumbawe



Maji ya Ruaha Mkuu yatokayo Usangu hupita Iringa, huingia Rufiji, na hatimaye humwagika baharini mkabala wa Mafia. Huko, mwaka 1995, Taifa lilianzisha Hifadhi yake ya Bahari ya kwanza. Matumbawe, basi, si mali ya watu wa pwani peke yao.

Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi. Matumbawe mengi ya Mafia yakapauka na kufa. Hasara ile iliweza kukadiriwa kwa sababu matumbawe yalikuwa yamekwisha kupimwa na kuandikwa kabla ya hapo. Kwa hiyo mafunzo ya mzamiaji hayana budi kuvuka mitungi ya hewa na kufika kwenye hesabu: kutandaza utepe wa kupimia juu ya mwamba, kuandika yaliyo hai, yaliyopauka na yaliyokufa, kisha kurudi pale pale mwaka ufuatao.

Mwalimu asomaye kipimo cha mvua shuleni anaijua kazi hii: siku moja haisemi kitu, miaka 20 husema. Kijana wa Kyela, aliyekulia kando ya Ziwa Nyasa, anaiweza. Asiyeandika ni mtazamaji. Aandikaye ni mlinzi wa mali ya umma.