Gari la Kikundi Linakula Mafuta Kiasi Gani?

(Mazungumzo na waweka hazina, makatibu na madereva wa vikundi vya kujisaidia)

Madereva msiogope, sikuja kuwashtaki. Mkinisikiliza mpaka mwisho nafikiri ninyi ndio mtafurahi kuliko wote.

Mkutano uliopita mliniuliza swali: tutajuaje kama mafuta tunayonunua yanaliwa na gari ama yanaliwa na mtu? Ni swali zuri. Lakini huwezi kusema umeibiwa maziwa kama hujui ng'ombe wako hutoa lita ngapi. Na hapo ndipo vikundi vingi vimelala. Nimefungua daftari nyingi, na naona: mafuta 2,000, mafuta 1,500, mafuta 2,000. Kilomita hakuna. Lita hakuna. Hiyo ni hesabu ya pesa peke yake, na pesa haichomwi kwenye injini.

Hebu niwaambie yaliyopata kikundi kimoja, sitakitaja jina. Walikuwa na pikapu ya dizeli ya kupeleka mboga sokoni. Kila siku ya soko dereva alipewa shilingi 2,000 za mafuta, na kwa pesa hizo alikwenda na kurudi vizuri. Ikafika Septemba 2023. Ghafla mafuta hayatoshi. Dereva anaomba nyongeza, siku moja gari likazima kabla ya kufika nyumbani na mboga zilizobaki zikaharibika. Watu wakaanza kunong'ona: huyu anayanyonya kwa mpira usiku. Kamati ikakaa, akafutwa.

Sasa tazameni. Bei za mafuta nchini hutangazwa na EPRA, na hubadilika tarehe 15 ya mwezi. Tarehe 15 Septemba 2023 dizeli Nairobi ilipanda kutoka shilingi 179.67 kwa lita hadi 200.99. Chukua kalamu ugawanye. Shilingi 2,000 za Agosti zilinunua lita 11.13. Shilingi 2,000 zile zile mwishoni mwa Septemba zilinunua lita 9.95. Zaidi ya lita moja imepotea, na hakuna mwizi. Kwa pikapu inayokwenda kilomita 10 kwa lita, hizo ni kama kilomita 12, yaani kutoka hapo gari lilipozima hadi nyumbani! Risiti zilikuwa kwa mweka hazina, na lita zilikuwa zimeandikwa pale chini ya pesa. Hakuna aliyezisoma. Waliposoma, ilikuwa baada ya mwezi mzima. Walimtuma mzee mmoja aende kumwomba yule kijana arudi. Hakurudi.

Kwa hivyo jambo la kwanza: acheni kuhesabu kwa shilingi. Hesabuni kwa lita.

Jambo la pili, msiamini geji. Ule mshale hupandishwa na boya lililo ndani ya tangi. Gari likisimama kwenye mteremko boya linahama na mshale unahama nalo. Tena tangi si sanduku lililonyooka. Limekunjwa hapa, limebonyezwa pale, kwa hivyo nusu ya geji si nusu ya mafuta. Nimewahi kuona kamati ikigombana saa nzima juu ya mshale, huyu anasema ulikuwa robo, yule anasema ulikuwa juu ya robo. Huo ni mjadala usio na mwisho.

Basi tupime namna gani? Njia ni moja, na haina gharama. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe. Andika kilomita zilizo kwenye mita. Lita za siku hiyo usizihesabu, maana hujui ni mafuta ya safari gani unayorudisha. Siku hiyo unaweka alama tu ya kuanzia. Endesha kazi zako kama kawaida. Halafu jaza tena mpaka pampu ijikate, andika kilomita, andika lita zilizoingia. Lita hizo ndizo gari limekula tangu ulipojaza mara ya kwanza. Gawanya kilomita kwa lita. Kwisha.

Nitawapa mfano wa hesabu, mwandike. Pikapu ilijazwa mita ikiwa 84,210. Ikajazwa tena kwa 84,486, zikaingia lita 28.4. Hizo ni kilomita 276, sawa na 9.7 kwa lita. Ikajazwa kwa 84,771, lita 31.9. Kilomita 285, sawa na 8.9 kwa lita. Hapa mtu mwenye haraka tayari anamtazama dereva kwa jicho baya. Ngoja kwanza. Ikajazwa tena kwa 85,093, lita 31.2. Kilomita 322, sawa na 10.3.

Mbona zinapanda na kushuka hivyo? Labda safari. Lakini mara nyingi ni kujaza kwenyewe. Pampu moja hujikata mapema, nyingine huchelewa. Dizeli hutoa povu, na povu likifika juu pampu inakata kabla tangi halijajaa. Gari likiwa limeinama upande mmoja hewa inabaki ndani. Kwa urahisi kabisa unaweza kukosea kwa lita 2. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye maana yote. Lita 2 katika lita 10 ni kosa la asilimia 20. Hesabu hiyo haina faida, itupe. Lita 2 katika lita 30 ni kama asilimia 7. Lakini ukijumlisha kujaza kote kutatu, una kilomita 883 na lita 91.5, yaani 9.65 kwa lita, na lile kosa la lita 2 sasa ni kama asilimia 2 tu. Makosa ya katikati hujifuta yenyewe: ukijaza pungufu leo, kesho yanaingia zaidi. Kinachobaki ni tofauti kati ya kujaza kwa kwanza na kwa mwisho. Ndiyo maana nasema msimhukumu mtu kwa kujaza mara moja. Na msijumlishe 9.7 na 8.9 na 10.3 mkagawanya kwa tatu. Jumlisheni kilomita zote, jumlisheni lita zote, halafu mgawanye mara moja.

Ili kupunguza kosa, jazeni kituo kile kile, pampu ile ile, gari likitazama upande ule ule. Pampu ikikata mara ya kwanza, ngojeni povu litulie, ongezeni kidogo mpaka ikate tena, basi. Msijaze hadi shingoni ati ndiyo mpate kipimo sawasawa. Mafuta hutanuka kwa joto, na jua likiwaka yatamwagika barabarani.

Kuna wanaosema nunueni alfajiri, mafuta yakiwa baridi mnapata mengi. Ni kweli petroli hutanuka kama sehemu moja ya elfu kwa kila nyuzi moja ya joto. Lakini matangi ya kituo yako chini ya ardhi na joto lake halibadiliki sana kati ya asubuhi na mchana. Hata tukisema tofauti ni nyuzi 5, katika lita 20 utapata nusu kikombe cha chai. Laleni tu.

Sasa mita ya kilomita. Hiyo nayo si malaika. Mita huhesabu mizunguko ya magurudumu, haioni barabara. Tairi likiisha linakuwa dogo, linazunguka mara nyingi zaidi, na mita inaongeza kilomita ambazo hamkwenda. Tairi lililokwisha kabisa linaweza kuongeza kama asilimia 2. Ukifunga tairi kubwa kuliko lile la kiwandani, mita inapunguza. Siku hizi simu nyingi zinaweza kupima mwendo kwa setilaiti. Chukueni safari ya kilomita 50, mlinganishe. Mita ikisema 52 na simu 50, basi kila mara punguzeni kiasi hicho. Mwenye Land Rover ya zamani inayosoma maili, zidisha maili kwa 1.609 upate kilomita. Na wale ambao mita imekufa kabisa, msikate tamaa: pimeni njia zenu kwa simu mara moja, muandike nyumbani hadi sokoni ni kilomita kadha, halafu mhesabu safari.

Kuna mzee aliniletea karatasi ya gari lililotoka Japani, imeandikwa kilomita nyingi kwa lita, akauliza mbona lake halifiki hapo. Mzee, namba ile ilipimwa ndani ya nyumba, gari likizunguka juu ya mitambo. Kipimo cha Japani kilichotumika miaka mingi, kinachoitwa 10-15, mwendo wake wa wastani ulikuwa kama kilomita 23 kwa saa, wa juu kabisa 70, na injini ilikuwa tayari imepashwa moto. Mlima hakuna, matope hakuna, magunia ya viazi hakuna. Na hata huko, mwaka 2016 kampuni ya Mitsubishi ilikiri kwamba ilikuwa imepima kwa njia zisizofaa. Magari mapya nayo yana kompyuta inayoonyesha kilomita kwa lita pale mbele ya dereva. Itazame, lakini ilinganishe na pampu. Mara nyingi inajisifu.

Daftari lenu liwe na tarehe, kilomita, lita, bei ya lita, njia na mzigo. Mzigo msisahau. Pikapu iliyopanda mlima na magunia haiwezi kulinganishwa na ile iliyokwenda mjini na watu wawili. Tena muandike kama gari lilikaa linanguruma likingoja. Injini ikinguruma saa nzima hapo sokoni inaweza kula nusu lita au zaidi, na kilomita haziongezeki hata moja. Mafuta yakiongezwa njiani kwa jerikeni, yaandikwe siku hiyo hiyo, la sivyo gari litaonekana limekula kidogo kuliko ukweli. Na jerikeni si kipimo. Ile ya lita 20 ikijazwa mpaka mdomoni huingiza zaidi ya 20. Andika lita za pampu.

Anayeandika awe dereva mwenyewe, na mweka hazina atie sahihi. Nimeona dereva akipewa daftari hili huacha kunung'unika, maana sasa ana ushahidi wake.

Mama mmoja hapa mbele anauliza: na namba zikishuka kweli? Mama, zikishuka kwa sehemu moja ya kumi au zaidi, mara tatu mfululizo, njia ile ile na mzigo ule ule, basi kuna jambo. Anzeni na vitu visivyo na mdomo. Upepo wa tairi. Breki inayokamata. Kichungi cha hewa kilichojaa vumbi. Tangi au mpira unaovuja. Tazameni chini ya gari asubuhi. Halafu badilisheni kituo kwa kujaza mara tatu, kwa sababu pampu nayo inaweza kuwa na shida. Mkiishuku, watu wa mizani na vipimo wa serikali ndio wenye kazi ya kuikagua. Yote hayo yakiwa sawa, ndipo mweka hazina aende na gari kwa kujaza mara mbili au tatu, asimame hapo pampuni mwenyewe aone risiti na lita. Namba zikipona siku hizo tu, hapo mna swali la kumwuliza dereva, na mnamwuliza mkiwa na karatasi mkononi.

Na mkishajua namba yenu, itumieni pia kwa kukodisha. Mtu akitaka pikapu kwa safari ya kilomita 60 kwenda na kurudi, kwa ule mfano wetu wa 9.65 ni lita 6.2, zidisha kwa bei ya siku hiyo. Hiyo ni mafuta tu, bado tairi, oili, bima na mshahara. Vikundi viwili hapa vimekuwa vikikodisha kwa bei iliyopangwa kabla ya mafuta kupanda. Mnajijua.

Mwenye bodaboda afanye vivyo hivyo, ila tangi lake ni dogo, kwa hivyo ajumlishe kujaza mara nane au kumi kabla ya kuamini namba. Mkutano ujao kila kikundi chenye gari kilete daftari lenye kujaza mara nne, kule kwa kuanzia pamoja na mara tatu za kuhesabu. Mtakaoleta shilingi tu nitawarudisha.