SIFA ZA MTU ATAKAYEWAHUDUMIA WALIOWEKA SILAHA CHINI

Maneno ya walimu waliotoka Kabonga, yaliyosomwa mbele ya jamii katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani



Kamati ilitupa sisi, walimu tuliotoka Kabonga na mwambao wa Rumonge, kazi ya kusema juu ya taaluma moja ambayo vijana wanaomaliza sekondari wametuuliza mara nyingi. Wanauliza hivi: mtu akitaka kuwa mtumishi wa ustawi wa jamii, na hasa kuwahudumia waliokuwa askari na wapiganaji, asome nini, na awe mtu wa namna gani? Tanzania mtumishi huyu huitwa afisa ustawi wa jamii. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tumezoea kumwita asistanti sosiali. Kazi ni moja.

Wapo pia wanaouliza kwa ukali zaidi. Wanasema: sisi tuliokimbia bunduki, kwa nini tusomeshe watoto wetu kuwahudumia walioshika bunduki? Swali hilo ni la haki, na tutalijibu kabla ya kutaja vyeti na vyuo.

Watu tunaowasema

Ninyi mnaotoka mwambao mnajua historia. Tarehe 29 Aprili 1972 mapigano yalianza kwetu kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, kisha mauaji yakaenea nchi nzima, na wazee wetu wakavuka ziwa na mpaka. Tarehe 21 Oktoba 1993 aliuawa Rais Melchior Ndadaye, na vita iliyofuata ikawapeleka vijana wengi msituni na jeshini. Mkataba wa Arusha ulitiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000. Mwaka 2003 serikali iliunda tume ya taifa ya kuwaondoa wapiganaji jeshini na kuwarudisha katika maisha ya kiraia, na kazi yenyewe ikaanza Desemba 2004. Kundi la FNL liliingia katika mpango huo mwaka 2009. Kwa jumla watu wazima zaidi ya 20,000 waliweka silaha chini, pamoja na watoto kadiri ya 3,000.

Watu hao walipewa fedha kwa awamu, kisha wakasaidiwa kuanza shughuli. Wengi walichagua biashara ndogo. Lakini wapiganaji wa zamani wakiwa wengi na soko ni moja, wote wakiuza mchele na maharage, biashara hufa mapema. Fedha ikiisha, mtu hubaki na mwili wake, kumbukumbu zake na majirani zake. Hapo ndipo kazi ya mtumishi wa jamii inapoanza.

Tukisema waliokuwa wapiganaji, tusifikirie mwanamume mmoja mwenye magwanda. Wapo askari wa jeshi waliostaafu au kupunguzwa, wenye namba na karatasi zao. Wapo waliotoka vyama vya silaha, ambao wengi wao hawana karatasi hata moja. Wapo waliochukuliwa wakiwa watoto, ambao leo ni watu wazima wasiojua kusoma. Wapo pia akina mama na wasichana waliobeba mizigo, waliopika na kuuguza wagonjwa msituni, au waliofanywa wake za wapiganaji. Hao mara nyingi walisahauliwa katika orodha, kwa sababu aliyeulizwa bunduki yake hakuwa nayo. Mtumishi asiyewajua hao wa mwisho ataihudumia nusu ya watu wake tu.

Kwa nini tuwahudumie

Kwanza, tuondoe hofu moja. Kambi ni mahali pa raia. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unamkataza mkimbizi kuishambulia nchi aliyotoka. Na mwaka 2002 Kamati Tendaji ya UNHCR ilieleza kwamba mpiganaji hahesabiwi kuwa mwenye kutafuta hifadhi mpaka ithibitike kuwa ameacha vita kweli na moja kwa moja. Kwa hiyo hatusemi habari za kuwahifadhi wenye silaha. Tunawasema walioziacha. Wala hatumwombi mtu yeyote amnyoshee jirani yake kidole. Kuchunguza nani alikuwa nani ni kazi ya serikali na UNHCR.

Pili, mtu huyo anarudi kwenye kolini ile ile tutakayorudi sisi. Kabonga ni ndogo. Mpaka uko pale, Kagunga iko ng'ambo, na mwaka 2015 makumi ya maelfu ya watu walipita njia ile na kukwama Kagunga, kipindupindu kikawapata wakingoja meli ya kuwapeleka Kigoma. Watakaorudi watauza mawese katika soko moja na kungoja ndagala kwenye ufuko mmoja. Aliyepigana na aliyekimbia watachota maji kisima kimoja. Kama hakuna mtu aliyefundishwa kukaa kati yao, siku moja neno dogo la shamba litageuka damu.

Tatu, maumivu ya mpiganaji hayaishii kwake. Asiyelala usiku humwamsha mke wake. Anayekunywa ili asahau hula ada ya shule ya mtoto. Sisi walimu tunaona matunda yake darasani: mtoto anayeruka dirisha likigongwa, mtoto anayesinzia saa mbili asubuhi. Anayemhudumia baba huyo anamhudumia mtoto aliye mbele ya ubao wetu. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Nasi tunaongeza kwamba hata fahali mwenyewe hutoka na majeraha, na akiachwa na majeraha yake hatatulia zizini.

Elimu inayotakiwa

Sasa tuje kwenye vyeti. Katika nchi zetu mtu husoma kwanza ustawi wa jamii kwa jumla, kisha hujiongezea ujuzi wa kuwahudumia wapiganaji wa zamani kazini na katika mafunzo mafupi. Asiwadanganye mtu kwa karatasi ya wiki mbili na kuiita taaluma.

Ngazi ya chini ni kumaliza sekondari na kufaulu. Tanzania, ili kuingia ngazi ya cheti, yaani astashahada, hutakiwa ufaulu wa angalau masomo manne ya kidato cha nne, bila kuhesabu masomo ya dini. Watoto wetu waliosoma kwa mtaala wa Burundi au wa Kongo hutakiwa kupeleka vyeti vyao Baraza la Mitihani la Tanzania vilinganishwe. Jambo hili huchukua muda, kwa hiyo lianze mapema, wala lisingojee wiki ya kufungwa maombi.

Chuo kinachojulikana zaidi kwa kazi hii Tanzania ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Hufundisha kuanzia astashahada, kisha stashahada, mpaka shahada ya miaka mitatu. Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kina idara ya ustawi wa jamii ya miaka mingi. Kwetu, Chuo Kikuu cha Burundi kina kitivo cha saikolojia na sayansi ya elimu. Kwa mkimbizi aliyefaulu vizuri upo ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa na serikali ya Ujerumani pamoja na UNHCR mwaka 1992, wa kusomea shahada. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi, lakini asiyeomba hapewi.

Ili mpate kipimo, tutazame mbali kidogo. Marekani, idara inayowahudumia wanajeshi wa zamani ilianza kuajiri watumishi wa ustawi wa jamii mwaka 1926, baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Leo hutaka shahada ya uzamili na leseni ya jimbo. Hatuwaelezi haya ili muogope. Tunayaeleza mjue kwamba kwa wenzetu kazi hii ni taaluma yenye mtihani na kiapo, si huruma peke yake. Huruma inaweza kumlisha mtu siku moja, lakini ujuzi humwezesha kujilisha mwenyewe.

Jambo jingine ni mafunzo kwa vitendo. Katika kazi hii mwanafunzi hupelekwa kwa watu, chini ya msimamizi, na taarifa zake husomwa na kusahihishwa. Kijana wa kambini anaweza kuanza hata leo: kujitolea katika ulinzi wa watoto, kuwasaidia walemavu, kuwatembelea wazee wasio na mtu. Aandike tarehe alizofanya kazi na aombe barua. Miaka miwili ya kazi ya namna hiyo ni sehemu ya sifa zake.

Anayopaswa kuyajua

Chukua mfano. Mtu amerudi Kabonga bila mguu mmoja. Kabla ya vita alikuwa mvuvi wa usiku, wa taa na wavu. Sasa hawezi kusimama mtumbwini. Shamba la baba yake lina michikichi iliyopandwa na mtu mwingine. Halali usiku, na radi ikipiga anajitupa chini. Mke wake amechoka. Majirani wanamwogopa.

Mtumishi wa jamii afanye nini? Lazima ajue mambo manne.

Ajue mwili: mguu wa bandia hupatikana wapi, na ni kazi gani mtu anaweza kuifanya akiwa amekaa, kama kushona nyavu au kukausha na kuuza ndagala.

Ajue akili: kutolala, kushtuka, kukasirika ghafula na kukwepa watu ni dalili za maradhi yanayojulikana. Madaktari waliyaingiza rasmi katika kitabu chao cha magonjwa ya akili mwaka 1980, baada ya vita ya Vietnam. Mtumishi si daktari, asitoe dawa. Lakini ajue lini la kufanya ni kusikiliza na lini la kufanya ni kumpeleka mgonjwa kwa mganga siku ile ile, hasa mtu akianza kusema habari za kujiua.

Ajue karatasi na sheria: hati ya kuachishwa jeshi, pensheni, cheti cha ndoa, kitambulisho. Na kwetu mwambaoni, ajue ardhi. Rumonge na Nyanza-Lac ni mahali ambapo mashamba ya waliokimbia mwaka 1972 yaliingia mikononi mwa wengine, na kesi zake zilikuwa nyingi na kali. Asiyejua hilo asiende kupatanisha.

Ajue watu: aanze na bashingantahe na wazee, asikie mke peke yake na mume peke yake, kisha wote pamoja, na asimpe huyu wa bunduki msaada ambao jirani yake mjane hakupewa, maana wivu huo utavunja yote aliyoyajenga.

Tabia na mipaka

Vyeti bila tabia ni hatari. Sifa ya kwanza ni siri. Aliyosikia chini ya mti asiyaseme kwenye mgao wa posho. Hata hivyo siri ina mpaka: mtu akisema atamdhuru mwingine au atajidhuru, mtumishi lazima amjulishe msimamizi wake, na amwambie mteja hivyo tangu siku ya kwanza.

Sifa ya pili ni kutochagua. Asiulize kabila wala chama. Ikiwa aliyeketi mbele yake ni yule hasa aliyewaumiza ndugu zake, aseme kweli kwa msimamizi na ampishe mwenzake. Kufanya hivyo ni uaminifu kwa kazi, na hakuna aibu ndani yake.

Sifa ya tatu ni kutohukumu wala kusamehe kwa niaba ya wengine. Hukumu ni ya mahakama. Msamaha ni wa aliyekosewa. Mtumishi akijitwika hayo mawili, atawakosa wote.

Wengine wameuliza: je, aliyekuwa mpiganaji aweza kuifanya kazi hii? Anaweza, maana siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini asome kama wengine na asimamiwe kama wengine. Je, mwanamke? Tena anahitajika sana, kwa sababu wale mama na wasichana waliotoka msituni wana mambo wasiyoweza kumweleza mwanamume.

Tunayoomba

Kwa mashirika, tunaomba vijana wanaojitolea wapewe barua za kazi na msimamizi aliyesomea fani hiyo, kwa maana malipo ya motisha bila mafundisho hayajengi taaluma. Kwa Kamati, tunaomba itunzwe orodha ya vijana waliomaliza sekondari na hali ya vyeti vyao, ili nafasi ikitokea isitafutwe kwa kubahatisha. Kwa wazazi, msiwazuie mabinti.

Na kwenu vijana, hatuwaambii kwamba mtawapenda watu hawa wote. Tunawaambia kwamba siku tutakapovuka kurudi Kabonga, watu hao watakuwapo ufukweni, na watoto wao watakuwa katika madarasa yetu. Afadhali wakutane na mtu aliyefundishwa.