Kisu Kabla ya Masika: Maneno juu ya Kupogoa Mibuni



Leo hatukuja kuwaeleza jambo geni. Kila aliyezaliwa katika kihamba, kwenye mitelemko ya Kilimanjaro, amekua kati ya migomba na mibuni. Tangu wamisionari wa Kilema walipoipanda mibuni mwishoni mwa karne ya 19, kahawa imelipa ada za watoto wengi na kuezeka nyumba nyingi kwa mabati. Lakini tupitapo njiani twaona mibuni iliyoachwa ikawa kichaka, na tukimwuliza mwenyewe kwa nini haipogoi, hutujibu, "Nitakataje tawi lililo hai? Mbuni huu aliupanda baba yangu." Jibu hilo lina heshima, wala hatulidharau. Ila twataka kuonyesha ya kwamba anayeuhurumia mbuni kwa namna hiyo ndiye anayeudhoofisha.

Kwanza na tufahamu jinsi mbuni unavyozaa. Buni hutoka katika sehemu ya tawi iliyokua mwaka uliopita. Sehemu iliyokwisha kuzaa haizai tena vema. Kwa hiyo kila mwaka buni husogea mbele kuelekea ncha, na tawi huwa refu na tupu kama fimbo, lenye majani machache mwishoni. Tena mbuni wenye matawi mengi mno huzaa mwaka mmoja kupita nguvu zake, kisha ncha zake hukauka, na mwaka wa pili mwenyewe hurudi na kikapu kitupu. Wazee walisema, mtaka yote hukosa yote.

Jambo la pili ni mvua. Mlima wetu hupata mvua nyingi, na mvua hiyo ndiyo neema yetu. Lakini maradhi nayo huipenda. Kutu ya majani, ile inayoacha unga wa rangi ya chungwa chini ya jani, haiwezi kuota pasipo maji juu ya jani. Chulebuni, ugonjwa unaotia madoa meusi katika buni mbichi, husitawi sehemu za juu zenye baridi na ukungu. Mbuni ulio wazi hukauka upesi mvua inapokatika. Mbuni ulio kichaka hukaa umelowa. Kunguni wa kahawa nao hupenda kujificha penye majani yaliyosongamana. Walimu watakumbuka habari za kisiwa cha Ceylon, kiitwacho leo Sri Lanka. Kutu ya majani ilionekana huko mwaka 1869, na katika miaka iliyofuata mashamba makubwa ya kahawa yaliharibika, wenye mashamba wakapanda chai. Hatusemi kwamba kisu peke yake kingaliwaokoa. Twasema kwamba maradhi ya mvua si ya kufanyiwa mzaha.

Je, tupogoe lini? Tupogoe buni zikiisha kuchumwa, katika miezi ya Januari na Februari, kabla masika hayajaanza. Wakati huo jua hukausha majeraha ya mti, na masika yakija mti una nafasi ya kutoa matawi mapya. Mvua ikiwa inanyesha, tusikate matawi makubwa. Kazi ya siku hizo ni kung'oa kwa vidole machipukizi yanayosimama wima katika shina yangali machanga. Samaki mkunje angali mbichi.

Na tukate namna gani? Tutumie mkasi na msumeno ulionolewa, si panga, kwa kuwa panga hupasua mti na kuacha mlango wa kuoza. Tuondoe matawi yaliyokauka, yenye ugonjwa, yanayogusa ardhi, na yanayopandana. Lakini tuangalie sana: tawi la kwanza la ubavuni, lile litokalo katika shina lenyewe, likikatwa lote halitoki tena mahali pale. Ukimaliza, simama chini ya mbuni saa sita mchana. Ukiona nuru imetapakaa chini kama shilingi zilizomwagika, umepogoa vema. Ukiona giza, kazi bado. Ukiona jua tupu, umezidisha.

Sasa tufike penye neno gumu, yaani mbuni mzee. Huo haufai kupunguzwa tu. Yafaa ukatwe kisiki, sentimita 30 hadi 45 kutoka ardhini, na mkato uwe wa mshazari ili maji ya mvua yatiririke yasikae juu. Bakiza tawi moja la kupumulia mpaka machipukizi yatoke. Yakifika urefu wa shibiri, chagua mawili au matatu yenye nguvu, yaliyoachana, na mengine uyang'oe. Mwaka wa kwanza huvuni kitu. Wa pili utaonja. Wa tatu utavuna.

Mtatuuliza, "Na ada za shule tutalipa nini miaka hiyo?" Swali hilo ni la haki, na wengi hawakati kwa sababu yake. Jibu letu ni hili: usikate mibuni yote pamoja. Mwenye mibuni 200 na akate 50 kila mwaka. Mwaka wa kwanza atabaki na 150, na wa pili 100. Mwaka wa tatu atakuwa na mizee 50, na ile 50 ya kwanza itakuwa imeanza kuzaa. Mwaka wa nne, atakapokata ya mwisho, mafungu mawili ya kwanza yatakuwa yanazaa. Basi hakuna mwaka atakaokuwa na mibuni inayozaa pungufu ya 100, na mwisho shamba lote litakuwa jipya juu ya mizizi ile ile aliyoipanda babaye.

Baada ya kukata, mti una njaa. Tuupe samadi, na tutandaze majani makavu ya migomba chini yake, mbali kidogo na shina, ili maji ya masika yasichukue udongo katika mtelemko. Migomba nayo ikisongamana tuipunguze, kwa maana kivuli kikizidi ni sawa na kichaka.

Ndugu zetu, urithi wa baba si matawi, bali ni mizizi na ardhi iliyoishika. Mwenye shaka na aanze na mibuni mitano mwezi wa Januari, aiache mingine ilivyo, kisha baada ya miaka mitatu ailinganishe kwa macho yake mwenyewe. Ajizi ni nyumba ya njaa, na masika hayamngoji mtu.