Kirungu Kilichopotea na Stendi ya Dripu
Mazungumzo kwa wananchi wa kata juu ya utunzaji wa vifaa vya zahanati



Stendi ya dripu ni mabomba mawili, moja ndani ya jingine, yanayoshikwa na bolti moja yenye kirungu cha plastiki. Kirungu hicho kikipotea, bomba la juu huteleza kidogo kidogo. Dripu hushuka kwa uzito wake. Hivyo chupa yapaswa kuning'inia yapata mita moja juu ya moyo wa mgonjwa. Ikiteremka, maji hupungua mwendo. Ikifika chini ya mkono, damu huweza kurudi mpirani. Hapo ndugu wa mgonjwa hulazimika kuishika chupa usiku kucha, kwa kukosa kitu kidogo kuliko kidole gumba.

Dawa ya kasoro hiyo i karibu: fundi baiskeli na fundi wa kuchomelea. Stendi yenyewe ipelekwe kwa fundi, ili bolti zijaribiwe papo hapo. Bolti inayofaa huingia kwa vidole mizunguko mitatu au minne bila kulazimishwa. Ikikataa, isikazwe kwa spana, kwani hesi za bomba zikiliwa hasara huwa kubwa zaidi.

Bolti ikipatikana, ncha yake isuguliwe kwa tupa iwe laini, isije ikalikwaruza bomba la ndani. Kichwani pachomelewe kipande cha nondo nyembamba cha sentimita 5, mfano wa herufi T, ili muuguzi akaze kwa mkono mmoja. Mbao haifai zahanati, maana hufyonza uchafu. Chuma kilichopakwa rangi husafishika.

Kisha stendi ijaribiwe kabla ya kumhudumia mgonjwa. Bomba liwekwe alama ya kalamu, chupa mbili za maji za lita moja zitundikwe kwa saa nzima. Alama isiposogea, kazi imekamilika.

Ubunifu huu una mpaka wake. Kitanda au machela inayombeba mtu, na chungu cha mvuke cha kutakasia vyombo, visiundiwe bolti za kubahatisha. Vingoje kipuri chake halisi na fundi wa vifaa tiba.

Mwisho, kirungu kipya kifungwe kwa kamba kwenye stendi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.