Kivinjari cha Bure: Analipa Nani?



Sidhani kama yupo humu ukumbini aliyewahi kununua kivinjari. Simu tunanunua, bando tunanunua kila siku, lakini Chrome, Firefox au Opera tunapakua bure. Ilhali kazi ya kutengeneza kivinjari haiishi: kanuni za intaneti hubadilika, wadukuzi hawalali, na wahandisi wanaoziba nyufa wanazopenyea wanataka mishahara. Fedha inatoka wapi?

Inatoka kwenye kile kisanduku cha juu. Andika humo “matokeo ya kidato cha nne” na swali lako litapelekwa kwa mtambo wa kutafuta uliowekwa humo kabla hujachagua lolote. Mwenye mtambo huvuna fedha za matangazo, kisha humgawia mwenye kivinjari. Kesi ya Serikali ya Marekani dhidi ya Google ilionyesha kuwa mwaka 2021 pekee kampuni hiyo ililipa zaidi ya dola bilioni 26 ili iwe chaguo la kwanza kwenye simu na vivinjari vya wengine.

Sasa mtazameni Mozilla. Taasisi hii isiyo ya faida iliasisiwa mwaka 2003 ili intaneti isigeuke mali ya kampuni moja, na Firefox ni yake. Mei 2025 mkuu wake wa fedha, Eric Muhlheim, alieleza mahakamani Washington, katika kesi hiyohiyo, kwamba Firefox huleta takriban asilimia 90 ya mapato yao, na kwamba takriban asilimia 85 ya mapato hayo hutoka Google. Yaani mpinzani wa Chrome analishwa na mwenye Chrome! Tena alikwenda kutetea malipo hayo yasipigwe marufuku. Septemba mwaka huohuo Jaji Amit Mehta wa kesi hiyo aliyaacha yaendelee, akakataza mikataba ya kumfungia nje mshindani.

Wapo wanaosema Mozilla imejiuza. Sikubaliani nao. Wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi, hapa Dodoma, wananielewa: mwenye mnunuzi mmoja wa mchuzi wake hajauza shamba, ila siku ya kupanga bei anajua nani atasema. Mozilla ilijaribu kubadili mnunuzi. Mwaka 2014 ilikwenda Yahoo kwa soko la Marekani. 2017 ikarudi Google.

Opera inatuhusu zaidi. Kabla simu janja hazijashuka bei, wengi wetu tuliijua intaneti kwa Opera Mini, kwenye viswaswadu. Ukurasa ulipitia kwanza kwenye seva zao, ukabanwa, ukafika simuni mwepesi, na bando likasogea. Lakini mwaka 2013 kampuni hiyo ya Norway iliachana na injini yake, Presto, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa ukurasa tunaousoma, ikahamia Chromium inayoendeshwa na Google. Mwaka 2016 biashara ya kivinjari ikauzwa kwa wawekezaji wa China. Mwaka 2018 ikaingia soko la hisa la NASDAQ, na nchini Kenya ikaingia kwenye mikopo ya simuni kupitia OKash. Januari 2020 kampuni ya Hindenburg Research, ambao nao walikuwa wakipata faida hisa za mtu zikianguka, walidai kwamba mikopo hiyo ilikuwa ya riba ya kukamua na ya kulipwa ndani ya siku chache. Opera ilikanusha, lakini baadaye mwaka huo biashara hiyo ikahamishiwa kampuni nyingine, Nanobank, Opera ikibaki na hisa humo. Waliotuokolea bando wakawa wakopeshaji wa jirani zetu.

Njia nyingine zipo, ingawa ni nyembamba. Kivinjari cha Vivaldi kinamilikiwa na wafanyakazi wake, lakini kinatumia Chromium. Kingine, Ladybird, kilichopata dola milioni 1 kutoka kwa Chris Wanstrath, mwanzilishi mwenza wa GitHub, mwaka 2024, kinajenga injini yake kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa michango, na kimekataa fedha za mitambo ya kutafuta. Kwangu mimi uhuru wa kivinjari unapimwa kwa mambo mawili, mfuko na injini, na ni nadra kumkuta mtu mwenye vyote.

Hapa Dodoma tunaweza kufanya nini? Zaidi ya tunavyodhani. Niliwahi kujaza fomu ya taasisi moja ya umma kwa Firefox. Kitufe cha “Wasilisha” kikagoma. Nilipofungua Chrome kikaitika papo hapo. Nikapiga simu kuuliza, nikajibiwa: “Tumia Chrome, mzee.” Kila jibu la namna hiyo humpunguzia Mozilla mtumiaji mmoja, na pamoja naye nguvu ya kujadili bei.

Serikali iko hapa, Mamlaka ya Serikali Mtandao iko hapa, na ninyi wanafunzi wa TEHAMA ndio mtakaojenga mifumo hiyo. Nawaomba: msikabidhi mfumo wa umma kabla haujafanya kazi kwenye Chrome na kwenye Firefox. Na wenye kuandika zabuni, liandikeni sharti hilo.