SOKO LA TOI NA ARDHI YA KIBERA
Mazungumzo juu ya mahali, asili yake na maisha ya watu wake



Mtu akitoka katikati ya mji wa Nairobi kwa barabara ya Ngong, akaenda kadiri ya maili tatu, atafika mahali panapoitwa Adams Arcade. Nyuma ya maduka ya mawe ataona mapaa ya mabati yaliyobanana, na chini yake atasikia sauti za watu wauzao na wanunuao. Hilo ndilo Soko la Toi. Wako wengi waliopata koti au viatu hapo, lakini si wengi wajuao habari za ardhi waliyoikanyaga. Basi inafaa habari hizo zielezwe kwa taratibu.

MAHALI PENYEWE

Toi ni ukingo wa kaskazini wa Kibera. Kutoka hapo nchi huteremka kuelekea kusini, ikapita njia ya reli iendayo Kisumu, hata ikafika bondeni kwenye Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953. Upande mmoja umepakana na uwanja wa gofu wenye majani mabichi, na upande wa magharibi kuna msitu wa Ngong. Ng'ambo ya barabara ya Ngong, kwa upande wa kaskazini-magharibi, ni Kawangware, ambako wachuuzi na wanunuzi wengi hutoka asubuhi kwa miguu.

Nchi hii iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kwa hiyo mwezi wa Julai baridi yake ni kali, na mtu asiye na koti huliona soko kuwa rafiki. Wakati wa masika matope hujaa vijiani, na wakati wa kiangazi vumbi huingia katika kila nguo iliyotundikwa.

ASILI YA KIBERA

Jina la Kibera limetoka katika lugha ya Wanubi. Neno lenyewe ni "Kibra", maana yake msitu, kwani hapo zamani palikuwa msitu mtupu. Wanubi hao ni wazao wa askari waliotoka Sudan. Babu zao walikuwa chini ya Emin Pasha katika jimbo la Equatoria, na mwaka 1891 Lugard aliwaandika kazi ya uaskari. Baadaye waliingia katika jeshi la Keya, yaani King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902, wakapigana vita vingi mbali na kwao. Hata leo majina ya vijiji kama Kambi Muru na Kambi Lendu yanakumbusha makabila ya Sudan na Kongo waliyotoka baadhi ya askari hao.

Walipomaliza kazi hawakuwa na kwao pa kurudi. Waliruhusiwa kukaa Kibera na kulima, kila mmoja akapewa cheti cha ruhusa ya shamba. Mwaka 1918 Serikali ya wakati ule ilitangaza kuwa eka 4,197 ni ardhi ya jeshi. Lakini cheti cha ruhusa si hati ya kumiliki. Askari mzee aliweza kujenga, kulima na kuzaa watoto, wala ardhi isiwe yake. Mwaka 1928 usimamizi ulitoka mikononi mwa jeshi ukaingia mikononi mwa watawala wa raia. Tume ya Ardhi ya Bwana Carter, iliyotoa taarifa yake mwaka 1934, ilisema kwamba Serikali ina wajibu juu ya askari hao, ama kuwarudisha kwao ama kuwapatia makao. Hata hivyo, hati hazikutolewa.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 watu wa makabila mengi walikuja Nairobi kutafuta kazi, wakapanga vyumba Kibera kwa sababu kodi ilikuwa nafuu na kazi zilikuwa karibu. Huku nyuma sehemu za ardhi ile zilikatwa, zikajengwa mitaa ya nyumba za mawe kama Jamhuri, Ayany na Olympic. Ndipo mwaka 2017 Wanubi walipopewa hati ya eka 288 kwa jina la jumuiya yao. Msomaji na alinganishe mwenyewe hesabu hizo mbili, eka 4,197 na eka 288, ataona jinsi karne moja ilivyopita.

Inafaa pia kusahihisha neno moja. Imezoeleka kusema kwamba Kibera ina watu milioni moja au zaidi. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilipata watu kama 170,000. Hao ni wengi sana kwa mahali padogo, nao hawahitaji kuongezewa ili shida zao zionekane.

KAZI YA SOKONI

Bidhaa kubwa ya Toi ni mitumba. Nguo zilizovaliwa Ulaya, Marekani na China hufungwa kwa marobota, na robota moja aghalabu huwa na uzito wa kilo 45. Hufika Mombasa kwa meli, kisha hupelekwa Nairobi katika soko kuu la Gikomba, na huko ndiko wachuuzi wa Toi huenda kununua.

Biashara hii ina hatari yake. Mnunuzi hulipa robota kabla halijafunguliwa. Likifunguliwa, akakuta nguo nzuri, amepata. Akakuta zilizotoboka, hasara ni yake. Nguo bora za kwanza huitwa "kamera", na zile za mwisho, zinazouzwa kwa bei ya kutupa, huitwa "fagia". Mchuuzi hodari huzitenganisha upesi. Kamera humrudishia mtaji, na fagia humpa chakula cha jioni.

Si mchuuzi peke yake alaye kwa robota hilo. Yuko msukuma mkokoteni, yuko mwosha viatu, yuko fundi wa cherehani apunguzaye suruali ndefu, yuko mpiga pasi ya makaa, na yuko mama auzaye chai, chapati na maharagwe. Kando yao zimepangwa sukuma wiki, nyanya na viazi. Mwezi wa Machi 2020 Serikali ilipozuia mitumba isiingie nchini kwa ajili ya ugonjwa wa korona, hata Agosti ilipoiruhusu tena, wote hao waliona njaa pamoja.

Bei haiandikwi, hupatanwa. Kijana huuliza, "Mama, koti hili bei gani?" Hujibiwa, "Mia tano, mwanangu." Naye husema, "Shikamoo mama, nina mia mbili tu." Mama hucheka, husema, "Marahaba, lakini shikamoo haijazi mfuko. Ongeza kidogo." Basi huongeza, na koti huondoka.

MOTO NA KUJENGA TENA

Lakini soko la mbao, mabati na nguo huliwa na moto kwa saa chache. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 palitokea fujo nchini. Soko la Toi lilichomwa na kuporwa, na hata reli ipitayo Kibera iling'olewa. Watu waliokuwa majirani wa vibanda kwa miaka mingi waliogopana kwa sababu ya kabila.

Palipotulia, kazi ya kwanza haikuwa kupigilia misumari bali kupatana. Wachuuzi wengi walikuwa katika chama cha kuweka akiba cha sokoni, kilichoshirikiana na Muungano wa Wanavijiji, ulioanzishwa mwaka 1996. Kila siku mkusanyaji alikuwa akipita kibanda kwa kibanda kupokea kidogo cha kila mtu na kukiandika kitabuni. Haba na haba hujaza kibaba. Akiba hiyo na mazoea hayo ya kuaminiana vilifaa wakati ule. Nafasi zilikuwa na mashindano, basi wakakubali kuipima ardhi upya na kugawa vibanda vya kadiri moja. Aliyekuwa na kikubwa alikubali kupunguziwa ili mwenzake apate.

Moto haukukoma hapo. Soko liliungua tena mwaka 2019, mwaka 2021 na mwaka 2024. Kila mara wachuuzi walifukua majivu, wakatafuta mbao, wakaanza tena na robota la mkopo.

Jambo la kuzingatia ni hili. Askari wa Keya alipewa ruhusa pasipo hati, na mchuuzi wa leo naye hufanya kazi juu ya ardhi asiyo na hati yake. Asiye na hati hajengi kwa mawe. Hujenga kwa mbao, na mbao huungua. Watu wa Toi wamekwisha kuonyesha kwamba wajua kupima, kuweka akiba na kugawana kwa haki. Kilichobaki ni ardhi iwe imara chini ya miguu yao, ili anayefunga kibanda jioni awe na hakika ya kukikuta asubuhi.